Asmund Lærdal

Asmund Sigurd Lærdal (11 Oktoba 1913 – 19 Novemba 1981) alikuwa mfanyabiashara wa Norwei aliyeanza na vitabu na vitu vya kuchezea watoto, akaja kujulikana duniani kwa kutengeneza Anne, mwanasesere anayetumiwa kuwafundisha wauguzi na watu wengine jinsi ya kumwokoa mtu aliyeacha kupumua.

Maisha

Mwaka 1940 alianzisha kampuni ndogo mjini Stavanger, bandari ya kusini-magharibi mwa Norwei. Kampuni ilichapisha kadi za salamu na vitabu vya watoto, kisha ikatengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Baadaye Lærdal alijifunza kutumia plastiki laini, akatoa magari madogo na wanasesere, na pia vidonda vya bandia kwa ajili ya mafunzo ya huduma ya kwanza.

Mwanawe Tore, akiwa na miaka miwili hivi, nusura afe maji. Baba alimtoa akiwa amelegea, akafaulu kuyatoa maji yaliyoziba njia ya hewa, na mtoto akapona.

Mwanasesere Anne

Katika miaka ya 1950 daktari Peter Safar, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba kupuliza hewa mdomo kwa mdomo kunafaa kuliko njia za zamani za kumbana mgonjwa mgongo. Tatizo likawa kufundisha, kwa kuwa mtu hawezi kujizoeza vizuri kwa mwenzake mzima, na kumkandamiza kifua kwa nguvu kunaweza kumvunja mbavu. Mwaka 1958 Bjørn Lind, daktari wa nusukaputi, alimwomba Lærdal msaada.

Anne alitoka mwaka 1960. Lærdal alimpa sura ya mwanamke, akiona kwamba wanaume wangesita kuweka mdomo kwenye uso wa mwanamume. Uso wenyewe ulitokana na kinyago mashuhuri cha msichana anayesemekana kuopolewa katika mto Seine, Paris. Hadithi hiyo haijathibitishwa. Kwa ushauri wa Safar aliongezewa springi kifuani ili wanafunzi wajizoeze pia kukandamiza kifua. Si kazi ndogo kwa mtu ambaye hakusomea udaktari.

Alipofariki mwaka 1981, Tore alishika uongozi wa kampuni.

Tanzania na Zanzibar

Kampuni hiyo ilitengeneza pia mwanasesere wa kichanga, anayejazwa maji ili awe na uzito karibu na wa mtoto halisi. Kwa kichanga huyo wakunga hujifunza kumkausha mtoto, kumsisimua, na asipopumua kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza.

Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja yaliyotolewa mwaka 2010 yaliwafanya wakunga wafanye vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini kazi yao katika chumba cha kujifungulia haikubadilika. Ndipo yakaanzishwa mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale wodini. Baada ya hapo vifo vya vichanga katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000.

Huko Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyo ukingoni mwa Mji Mkongwe, ilianza upande wa pili wa tatizo, yaani kabla mtoto hajazaliwa. Mkunga mmoja huko huhudumia wajawazito kadhaa kwa pamoja. Kuanzia mwaka 2014 wafanyakazi wa hospitali na watafiti wa Denmark waliandaa kijitabu cha mfukoni cha kumfuatilia mama aliye katika uchungu, pamoja na mafunzo mafupi ya kurudiwarudiwa. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000, na waliozaliwa wakiwa dhaifu sana, ambao ndio huhitaji mfuko na barakoa, wakapungua kutoka 52 hadi 28.