Steve Prefontaine: Hakupata medali ya Olimpiki, ila Wakenya wanavunja rekodi kwenye mbio zenye jina lake

Mei 25, 2024, Beatrice Chebet wa Kenya alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28:54.14, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 29. Mwaka uliofuata akarudi palepale Eugene, Marekani, akaweka rekodi ya dunia ya mita 5,000.

Mara zote mbili ilikuwa kwenye Prefontaine Classic. Mashabiki wa riadha wanalisikia jina hilo kila mwaka. Mwenye jina ni nani hasa?

Ni Steve Prefontaine, ambaye Wamarekani humwita Pre. Alizaliwa Januari 25, 1951 huko Coos Bay, mji wa bandari na mbao jimboni Oregon. Baba seremala, mama mshonaji kutoka Ujerumani. Shuleni alijaribu futiboli ya Kimarekani, lakini umbo lake dogo likamweka benchi. Akahamia kwenye kukimbia.

Chuo Kikuu cha Oregon alifundishwa na Bill Bowerman, mmoja wa waanzilishi wa Nike. Kocha alitaka atulie nyuma na kuchomoka mwishoni. Pre wala hakutaka kusikia. Yeye alikaa mbele toka mwanzo mpaka wenzake wachoke, na watu wakajaa uwanja wa Hayward Field kumtazama.

Kisha Olimpiki ya Munich, 1972. Ana miaka 21. Fainali ya mita 5,000, zikiwa zimebaki raundi nne, akashika uongozi na kuongeza kasi. Lasse Viren wa Finland na Mohammed Gammoudi wa Tunisia wakampita. Hatua chache kabla ya mstari, Ian Stewart wa Uingereza naye akampita. Nafasi ya nne. Angekubali kukimbilia fedha, huenda angeipata. Yeye alitaka dhahabu.

Kilichomuuma zaidi nyumbani ni pesa. Enzi hizo mwanariadha wa ridhaa akipokea malipo anafungiwa, na chama cha AAU ndicho kilikuwa na sauti. Jamaa mwenye rekodi za taifa alikuwa anaishi kwenye nyumba ya trela, anauza baa, anakula kwa kuponi za msaada wa serikali. Akawapinga AAU hadharani. Mwaka 1975 akawaalika mwenyewe wanariadha wa Finland, akawaandalia mashindano Oregon.

La mwisho lilikuwa Eugene, Mei 29. Pre akashinda mita 5,000. Usiku, baada ya sherehe, alimshusha rafiki yake Frank Shorter, bingwa wa marathoni wa Olimpiki. Muda mfupi baadaye gari lake likagonga mwamba na kupinduka. Alikufa na miaka 24, akishikilia rekodi zote za Marekani kuanzia mita 2,000 hadi 10,000.

Siku chache baadaye mbio za Eugene zikapewa jina lake. Mwaka 1978 sheria mpya ikaivunja nguvu AAU.

Hollywood ilimtengenezea filamu mbili: Prefontaine (1997), akiigizwa na Jared Leto, na Without Limits (1998), akiigizwa na Billy Crudup. Kama una muda wa moja tu, chukua ya pili. Donald Sutherland akiwa kocha Bowerman anatosha kukukalisha mpaka mwisho.

Ule mwamba bado upo. Wakimbiaji hupita kuacha medali, namba za kifuani na viatu vyao.