Grace Hopper: Mama Aliyefundisha Ordinatere Kujitengenezea Amri



Safari hii tunawaelezea maisha ya mama mmoja wa Marekani ambaye kazi yake inatusaidia mpaka leo.

Grace Hopper alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika muji wa New York. Alipokuwa na miaka 7 alifungua saa saba za nyumbani, moja kisha nyingine, juu ya kujua namna zinavyotembea. Akawa mwalimu wa hesabu katika koleji ya Vassar, na mwaka wa 1934 akapata doktora kwenye universite ya Yale.

Vita kubwa ya pili ilipopamba moto, aliomba kuingia jeshi la maji. Alikuwa mwembamba kupita kipimo chao, lakini katika 1943 walimpokea kwa ruhusa ya pekee. Mwaka uliofuata walimtuma Harvard, kwenye mashini ya hesabu yenye jina Mark I, yenye urefu wa zaidi ya metre 15. Ilikuwa na nguvu, lakini kila amri ilipashwa kuandikwa kwa namba na kutobolewa kwenye karatasi ndefu. Mashini hiyo njo walitumia pia, katika 1944, kuiga kwa hesabu mlipuko wa bomu la atomiki mbele ya kulijaribu.

Hopper na wenzake waliandika katika madaftari vipande vya amri vilivyokwisha kufanya kazi vizuri. Walipovihitaji tena, walivinakili kwa mkono. Hapo makosa yaliingia: namba moja tu ikikosewa, hesabu yote inaharibika.

Basi akajiuliza: kama kunakili ni kazi ya kurudia-rudia, juu ya nini mashini isiifanye yenyewe? Kufika 1952, huko Philadelphia, alitengenezea ordinatere UNIVAC programu iliyoitwa A-0. Kila kipande kilipewa namba na kuwekwa kwenye utepe. Mtu aliandika orodha fupi tu: vipande gani, na juu ya hesabu gani. Mashini ilisoma orodha, ikatafuta vipande, ikaviunga, ikatoa programu tayari. Wengi hawakusadiki.

Halafu alitaka watu waandike kwa maneno ya kawaida. Akawaonyesha wakubwa wake amri kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa na Kijerumani. Wakashtuka: mashini ya Philadelphia itajuaje Kifaransa? Lakini kwa mashini neno ni alama tu, unaweza kulibadilisha. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa na kuongea Kiswahili tunalielewa jambo hilo upesi. Kazi yake ilifungua njia ya COBOL, lugha iliyoanza kutengenezwa katika 1959.

Leo wanaoiga katika ordinatere mwendo wa hewa ao wa maji, mara nyingi wanaandika faili fupi ya maelezo, na programu inawatolea amri zote. Lakini tusijidanganye: orodha ikiwa mbaya, mashini itatengeneza ubaya ule ule, haraka sana. Haiulizi kama kazi ni ya kujenga ao ya kubomoa. Mwandishi wa orodha njo mwenye kujibu.

Hopper aliacha jeshi katika 1986, akiwa na miaka 79 na cheo cha amirali. Alikufa tarehe 1 Januari 1992.

Wenzetu, tunapochoka kunakili, tusiulize tu kazi itaisha saa ngapi. Tuulize kama kuna njia bora, kisha tuitafute.