Sam Ntiro: Mmachame Aliyechora Msaragambo

Wanachuo wenzangu, siku hizi ukitaja sanaa na harakati, watu wanafikiria bango, kipaza sauti na video inayosambaa kwenye simu. Sawa. Lakini hapa hapa juu ya Moshi, Machame, alizaliwa mtu aliyefanya siasa kwa brashi tu: Sam Joseph Ntiro.

Alizaliwa mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, Uganda, kwa mwalimu Margaret Trowell, akabaki kufundisha pale pale. Mwaka 1952 akaenda Slade School of Fine Art, London, akasoma hadi 1955. Ungetegemea arudi anachora kama Wazungu. Wapi! Aliendelea kuchora Uchaggani kwa kumbukumbu: migomba, kahawa, watu wanajenga, wanavuna, wanabeba mizigo. Kwenye picha zake mara nyingi humkuti shujaa mmoja katikati. Unakuta watu kibao, wadogo wadogo, kila mmoja na kazi yake. Msaragambo mtupu.

Siasa iko wapi hapo? Kumbuka Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1951 majirani zetu Wameru walifukuzwa kwenye ardhi yao Engare Nanyuki, na 1952 Kirilo Japhet akapeleka kilio chao Umoja wa Mataifa, New York. Kirilo alikwenda na hoja. Mwaka 1960, Museum of Modern Art ya jiji hilo hilo ilipata picha ya Ntiro ya 1956: wanaume wanapeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Wakoloni walizoea kumwonyesha Mwafrika kama kitu cha kutazamwa. Kwa Ntiro, Mchagga yuko bize na mambo yake, anajipangia mwenyewe, wala hamsubiri msimamizi. Hilo nalo ni dai la uhuru.

Uhuru ulipokuja 1961, Ntiro akawa balozi wetu London hadi 1964. Baadaye alishika ukamishna wa utamaduni, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkewe, Sarah Nyendwoha wa Uganda, msomi wa Oxford, naye alikuwa mwalimu na mpigania elimu ya wasichana. Ntiro alifariki mwaka 1993.

Mtu anaweza kusema picha zake ni tamu mno: kodi haipo, ugomvi haupo, wala kihamba kinachogawanywa kwa watoto mpaka kinabaki kipande. Kwa kweli hoja hiyo ina uzito, na mimi siikatai. Ila inatupa kazi.

Sisi wa ualimu tukienda fildi, tubandike karatasi moja kubwa ukutani, wanafunzi wachore kijiji chao pamoja, kila mmoja aongeze mtu wake. Wakimaliza, tuwaulize swali moja tu: nani hayupo kwenye picha, na kwa nini? Halafu tuwaachie penseli.