Kutoka Tikiti ya Bahati Nasibu Hadi Magotini: Maisha ya George Müller

Somo: Mithali 3:5-6, Zaburi 32:8-9

Ni wangapi kati yetu tumewahi kufumba macho, tukafungua Biblia, tukaweka kidole popote na kusema hilo ndilo jibu la Mungu? Usicheke. George Müller, yule mtu wa imani tunayemsikia kila mara kwenye mahubiri, alifanya makubwa kuliko hayo. Alinunua tikiti ya bahati nasibu ili ajue mapenzi ya Mungu.

Müller alizaliwa mwaka wa 1805 huko Prussia, katika eneo ambalo leo liko Ujerumani. Utotoni alikuwa akimwibia babake pesa. Akiwa na miaka 16 alifungwa jela kwa kulala hotelini na kuondoka bila kulipa. Hata alipokuwa chuoni Halle akisomea uchungaji, alikuwa mlevi. Lakini jioni moja ya Novemba 1825, rafiki alimpeleka kwenye ibada ya nyumbani. Aliona mtu akipiga magoti kuomba, kitu ambacho hakuwa amekiona. Akaondoka hapo mtu mpya.

Muda si muda akatamani kuwa mmishenari. Babake alikasirika sana, maana alitaka mtoto apate kazi yenye mshahara mzuri. Müller akachanganyikiwa. Ndipo aliponunua ile tikiti, akaweka mbele za Mungu sharti kwamba akishinda chochote, basi ataenda misheni. Kweli alishinda, ingawa ni pesa kidogo tu. Akatuma maombi kwa chama cha misheni cha Berlin. Wakamkataa, kwa sababu babake hakuwa amekubali! Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba ule ulikuwa ujinga.

Bwana hakumtupa. Mwaka wa 1829 alienda Uingereza, akawa mchungaji, na mwaka wa 1832 akahamia mji wa Bristol. Huko, mwaka wa 1836, alianza kulea mayatima katika nyumba za kukodi kwenye barabara ya Wilson Street. Mahitaji yake alimwambia Mungu peke yake.

Sasa tazama vile alivyokuwa amebadilika. Mwisho wa Oktoba 1845, jirani mmoja alimwandikia barua ya upole kulalamika kwamba nyumba za watoto zinasumbua mtaa. Zilikuwa nne wakati huo. Uamuzi ulikuwa mzito. Kuhama kulimaanisha kujenga, na pesa za kujenga hakuwa nazo.

Safari hii hakutafuta tikiti. Alitenga saa kadhaa za kuomba na kufikiri. Aliandika kwenye karatasi sababu za kuhama na sababu za kukaa: kelele, maji machache, watoto kukosa mahali pa kucheza. Akaongea na watenda kazi wenzake, wakaomba pamoja. Siku zikapita bila hata shilingi moja. Hakukimbia kukopa. Tarehe 10 Desemba akapokea pauni 1,000 kutoka kwa mtu mmoja.

Februari 1846 akapata habari za shamba linalouzwa Ashley Down. Alimtafuta mwenyewe nyumbani akamkosa, akaenda kazini kwake akamkosa. Angeweza kurudi tena jioni hiyohiyo, lakini hakutaka kulazimisha mlango. Akaenda zake nyumbani. Kumbe usiku huo mwenye shamba alikosa usingizi tangu saa tisa hadi saa kumi na moja, akiwaza habari za shamba lake. Asubuhi alimuuzia Müller kwa pauni 120 kwa ekari badala ya pauni 200. Je, angemfuata ile jioni?

Nyumba ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 1849 ikiwa na nafasi ya watoto 300. Kufikia 1870 zilikuwa nyumba tano za watoto zaidi ya 2,000. Müller alilala katika Bwana mwaka wa 1898 akiwa na miaka 92.

Alifundisha kwamba kazi kubwa katika kujua mapenzi ya Mungu ni kufikisha moyo mahali ambapo hauna matakwa yake. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Tunaomba tukiwa tumeshaamua. Dada amepata ajenti wa kumpeleka Saudia, pesa ameshalipa, ndipo anakuja kuombewa. Kijana ameshapeleka mahari, ndipo anauliza kama huyu ndiye. Wengine tunazunguka kwa watumishi watano mpaka tumpate mmoja atakayesema ndiyo. Huko si kutafuta uongozi, ni kutafuta muhuri. Na tofauti yake na ile tikiti sioni.

Mpendwa, una uamuzi mbele yako wiki hii? Weka kwanza matakwa yako chini. Soma Neno. Omba, kisha utumie akili aliyokupa Mungu: andika faida na hasara, uliza watu wazima katika imani. Angalia milango inayofunguka na inayofungwa. Halafu ngoja, hata kama ajenti anakuharakisha. Mungu hajawahi kuchelewa.

Tuombe: Baba, nimekuja nikiwa na jibu langu mkononi. Leo ninalitua. Niongoze, hata kama njia yako si ile niliyoipanga. Katika jina la Yesu, Amina.