Nikolai Vavilov

Nikolai Ivanovich Vavilov (Moscow, 25 Novemba 1887 – Saratov, 26 Januari 1943) alikuwa mtaalamu wa botania na jenetiki kutoka Urusi.

Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kusoma kwa William Bateson na Rowland Biffen. Mwaka 1919 alitoa kitabu kuhusu kinga ya mimea, akieleza kwamba uwezo wa kukinza magonjwa ya kuvu hurithiwa. Kwa hiyo alitafuta jeni hizo mahali mimea ilipoanzia, akikusanya mbegu katika nchi nyingi, zikiwemo Afghanistan na Ethiopia.

Mwaka 1929 alifika Almaty (Kazakhstan), akatambua kwamba misitu ya mitofaa ya mwituni huko ndiyo asili ya tofaa linalolimwa. Baadaye wataalamu walikuta baadhi ya miti hiyo inakinza kuvu wanaotia madoa majani na matunda.

Trofim Lysenko, aliyeungwa mkono na Stalin, alikana mafundisho ya jeni. Vavilov alimpinga, akakamatwa mwaka 1940 na kuhukumiwa kifo mwaka 1941. Adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Mtu aliyekusanya mbegu ili watu wasife njaa alikufa kwa njaa gerezani. Jina lake lilisafishwa mwaka 1955.