John Herschel: mnajimu aliyeonyeshwa ngome na macho yake

Sir John Herschel, mmoja wa wanasayansi mashuhuri wa Uingereza katika karne ya 19, hukumbukwa zaidi kwa kuchora ramani ya nyota za kusini. Ni wachache wanaojua kuwa alikuwa pia miongoni mwa watu wa mwanzo kueleza hadharani jambo linalowapata watu wengi wenye kipandauso: maumbo yanayometameta na kupita mbele ya macho, mara nyingi kabla ya kichwa kuanza kuuma.

Alizaliwa Slough mwezi Machi 1792. Baba yake, William, ndiye aliyegundua sayari ya Uranus mwaka 1781, na mtoto akakulia kando ya darubini. Mwaka 1834 Herschel aliwasili na familia yake katika Rasi ya Tumaini Jema, akasimika darubini yenye urefu wa futi 20, na kwa miaka minne akaikagua mbingu isiyoonekana kutoka Ulaya. Aliorodhesha nyota pacha zaidi ya 2,000. Charles Darwin alimtembelea huko mwaka 1836.

Aliporejea nyumbani alijishughulisha na upigaji picha, na mwaka 1839 alionyesha jinsi ya kuizuia picha isiharibiwe na mwanga.

Jicho, basi, lilikuwa kwake kama jembe kwa mkulima. Ulimwengu uliyaamini maneno yake juu ya nyota kwa kuwa uliyaamini macho yake. Ndiyo maana hotuba aliyoitoa Leeds tarehe 30 Septemba 1858, akiwa na umri wa miaka 66, ilihitaji ujasiri. Alikiri kwamba macho hayo humwonyesha visivyokuwepo.

Alisimulia kuwa asubuhi moja, akiwa ametulia mezani kwa kifungua kinywa, aliona kivuli kwenye pembe ya jicho la kushoto. Kivuli kilisogea polepole, kikawa mistari iliyonyooka yenye pembe kali, mfano wa mchoro wa ngome, na rangi hafifu katikati. Aliyewahi kuuona mchoro wa Fort Jesus ya Mombasa, na kuta zake zinazochomoza na kurudi ndani, ataelewa mara moja.

Kilichomshughulisha Herschel ni swali: ikiwa hakuyawaza maumbo hayo wala kuyataka, nani aliyeyachora? Aliona kuwa ndani ya mtu kuna kitu kinachofanya kazi ya hesabu za maumbo bila kuamriwa na nia yake.

Hakuwa peke yake. George Airy, mnajimu mkuu wa Greenwich, aliandika mwaka 1865 juu ya hali kama hiyo iliyompata yeye mwenyewe. Mwanawe, daktari Hubert Airy, alichapisha michoro yake ya rangi mwaka 1870, na michoro hiyo ingali ikitazamwa na madaktari.

Jibu la swali lilichelewa. Mwaka 1941 Karl Lashley wa Marekani, akipima maumbo aliyoyaona mwenyewe, alikadiria kuwa kitu fulani husambaa katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuona kwa kasi ya milimita 3 kwa dakika. Mwaka 1944 Aristides Leão wa Brazil alieleza wimbi la namna hiyo katika ubongo wa sungura. Ndiyo sababu umbo huanza dogo, hupanuka, kisha hutoweka, mara nyingi baada ya dakika 20 hivi. Wengine hawapatwi na maumivu yoyote.

Mwafrika Mashariki aishiye Al Wukair, kusini ya Doha, anayeiona ngome hiyo kwa mara ya kwanza baada ya kutwa nzima juani, huenda akadhani ni majini au upofu. Amwone daktari upesi, kwa kuwa kiharusi nacho chaweza kuanza kwa macho kutoona sawasawa.

Hotuba ya Leeds ilichapishwa kitabuni mwaka 1866. Herschel alifariki tarehe 11 Mei 1871, akazikwa Westminster Abbey, karibu na kaburi la Isaac Newton.