Umar bin Abdul-Aziz: Islahi Huanzia Nyumbani

Ndugu zetu, barazani twawalaumu wakubwa, na majumba yetu tumeyasahau. Natuutazame mwendo wa Khalifa huyu wa Bani Umayya.

Ujanani alijulikana kwa nguo za thamani na manukato. Aliposhika ukhalifa mwaka 717, alianza na nafsi yake: mashamba aliyorithi akayarudisha. Kisha, yasimuliwa, alimkhiyarisha mkewe, Bibi Fatima binti Abdul-Malik, baina yake na vito alivyopewa na babake. Bibi akamchagua mumewe. Vito vikaingia Baitulmali. Hapo ndipo alipopata uso wa kuwataka jamaa zake warudishe mali za watu, na wale waliosilimu akawaondolea jizya.

Alifariki mwaka 720, baada ya kutawala miaka miwili na kitu. Yazid, nduguye Bibi Fatima, aliposhika utawala alitaka kumrudishia vito vile. Bibi alikataa; hakuwa wa kumtii mumewe akiwa hai na kumuasi akiwa kaburini.

Basi sisi tudaio haki mbele za watu, wake zetu na watoto wetu watatushuhudiaje? Mwenyezi Mungu atupe tawfiki ya kuanza na nafsi zetu. Amin.